Sahani ya mapumziko na sahani ya vifaranga: mwongozo kamili wa kulisha kasuku wadogo Zanzibar

Kasuku mdogo jike huamua kutaga kwa kuangalia mambo matatu: chakula kimejaa kiasi gani, pahala pa kutagia papo au hapapo, na dume yuko karibu au la. Kwao, kwenye nyika kavu za ndani ya Australia, mvua ikinyesha nyasi huota, mbegu hukomaa, na makundi ya ndege hawa huingia kwenye mapango ya miti kutaga haraka kabla ukame haujarudi. Mbegu zikiisha, huacha kutaga na kuhama. John Gould aliwapeleka wakiwa hai Uingereza mwaka 1840, na tangu hapo wameenea duniani kote, mpaka kwenye vibaraza vyetu vya mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar.

Tatizo letu Unguja na Pemba ni kwamba sisi hatuna ukame wa kumwambia ndege apumzike. Mchana wa Disemba na mchana wa Juni havitofautiani hata saa nzima. Joto lipo mwaka mzima, na mwenye ndege akipenda, sahani hujaa mwaka mzima. Jike akiachiwa kisanduku cha kutagia na mayai ya kuchemsha kila siku, atataga, atalea, atataga tena, mpaka mifupa yake iishe chokaa na afe akiwa bado kijana. Nimeona hilo kwa macho yangu, na ndilo lililonifanya niandike. Huku kwetu msimu unautengeneza wewe mwenyewe kwa sahani.

Kwanza tuelewane ndege tunayemzungumza. Ni yule kasuku mwembamba mwenye mkia mrefu, kijani au bluu, mwenye mistari myeusi kichwani na mgongoni, uzito wake gramu 30 hadi 40. Jina lake la Kiingereza limetoholewa kuwa bajerigari, lakini madukani wengi humwita lavubedi. Si yeye. Lavubedi ni ndege wa Afrika, mnene, mkia mfupi, na Tanzania bara wako porini. Chakula chao kinafanana kwa mengi, lakini vipimo nitakavyotoa hapa ni vya huyu mdogo.

Kabla ya yote: makapi

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na dume mmoja wa bluu na majike mawili. Aliyeniuzia aliniambia nijaze kikombe cha mtama na uwele, kikipungua nijaze tena. Nikawa naangalia kikombe kila asubuhi, kimejaa. Siku ya tatu dume akawa amejikunja kwenye kijiti, manyoya yamefura, macho nusu. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa anapeta mchele uani, alisogea, akachota kidogo kutoka kwenye kikombe, akakipuliza kwenye kiganja. Kiganja kikabaki kitupu.

"Baba, hayo makapi matupu," aliniambia. "Ndege wako wana njaa siku ya ngapi?"

Kasuku hawamezi mbegu na ganda lake. Huishika mbegu kwa ulimi, huivua ganda kwa ncha ya mdomo, humeza kiini, na ganda huliacha hapohapo. Kwa hiyo juu ya kikombe huwa kuna tabaka la maganda linalofanana na chakula kabisa. Dume yule hakupona. Ndege wa gramu thelathini na tano hana akiba ya kumpitisha siku mbili bila kula.

Tangu siku ile, kazi ya kwanza alfajiri, kabla ya chai, ni kupuliza makapi au kuyapeta kwenye ungo mdogo, kisha kupima mbegu mpya. Kama utafuata jambo moja tu katika mwongozo huu, fuata hilo.

Hatua ya kwanza: kununua nafaka na kuitunza

Mbegu za msingi zinapatikana Darajani, Mwanakwerekwe, na kwenye soko lolote linalouza nafaka Chake Chake au Wete: uwele, ulezi na mtama. Uwele ndio ninaoupenda kuliko zote kwa sababu punje yake inamfaa mdomo wa ndege huyu. Ulezi ni mdogo sana lakini wanaufurahia na huwapa kazi ya kuchokoa. Mtama ni mkubwa na mgumu kidogo, kwa hiyo usizidi robo ya mchanganyiko, na ukiweza uuvunje kidogo kwenye kinu. Mpunga usiokobolewa wachache wao huupenda. Duka la vyakula vya ndege likiwa na mbegu ya kanari, ile nyembamba yenye ncha mbili na rangi ya majani makavu, changanya nayo, maana ina protini nzuri.

Nunua nafaka nzima, yenye ganda. Iliyokobolewa imeshapoteza sehemu ya uhai wake na huchacha upesi. Na kamwe usinunue mbegu za kupandia kwenye duka la pembejeo: zile zenye rangi nyekundu au ya waridi zimepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, na zitamuua ndege.

Ukifika nyumbani, jaribu uhai wa mbegu. Hesabu punje ishirini, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kiweke kwenye kisahani mahali penye kivuli, kilowe maji kila kikikauka. Baada ya siku mbili au tatu hesabu zilizotoa ncha. Kumi na tano na kuendelea, nafaka ni nzuri. Chini ya kumi, hiyo ni ya zamani au imeungua kwa joto la ghala. Irudishe au wape kuku, ikiwa haina ukungu.

Ukungu ndio adui mkubwa wa kisiwani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hata chumvi huloa mezani, na gunia la nafaka lililoegemezwa ukutani huota kuvu ndani kabla hujaona chochote juu. Kuvu hao hutoa sumu inayoharibu ini, na haiondoki kwa kuanika juani wala kuosha. Nusa mkono ukishautoa ndani ya mfuko: nafaka nzuri inanuka vumbi na nyasi kavu; mbovu inanuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Yenye harufu hiyo tupa, hata kama ulitoa pesa nyingi. Kwa sababu hiyohiyo mimi siwapi karanga wala mahindi makavu.

Nunua kidogo kidogo, ya mwezi mmoja. Ukiwa na friza, iweke humo siku tatu ndani ya mfuko uliofungwa ili kuua fukusi na mayai yake, iache irudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko, ndipo uitie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza.

Hatua ya pili: sahani ya mapumziko

Hii ndiyo sahani ya sehemu kubwa ya mwaka. Haina shamrashamra, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kwa kila ndege, vijiko viwili vya chai vya mbegu kwa siku. Mimi hugawa: kimoja alfajiri, kimoja kama saa kumi jioni, kwa sababu ndege hujaza gole, kile kifuko cha chakula cha shingoni, kabla ya jua kuzama ili alale nalo. Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za uwele, moja ya ulezi, moja ya mtama, na mbegu ya kanari nikiipata. Alizeti ni kwa mkononi tu, punje mbili tatu wakati wa kumzoesha ndege kwa mtu. Kasuku wa tundu hapati kuruka kilomita nyingi kama wenzake wa porini, na akila alizeti kwa kikombe hunenepa, huota uvimbe wa mafuta kifuani, na ini huharibika.

Asubuhi, kabla ya mbegu, wape majani. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kudhani ndege wa mbegu anatosheka na mbegu. Nafaka kavu karibu haina vitamini A, na ndege anayeikosa huanza kwa mafua yasiyoisha, macho kuvimba, ngozi ya pua kukauka. Majani yenye rangi nzito ndiyo yanayoitoa, na Mungu ametujaalia: mchicha, matembele, majani ya mlonge, kotmiri, mrehani. Karoti iliyokwaruzwa, boga bichi, pilipili boga nyekundu na mbegu zake. Ndege hawahisi ukali wa pilipili kabisa, kwa hiyo hata kipande cha pilipili mbuzi atakila akitikisa kichwa kwa raha. Badilisha kila siku, usikwame kwenye mchicha peke yake, maana una kitu kinachoshika chokaa mwilini isitumike. Matunda ni kidogo, mara mbili kwa wiki: papai, embe, pera, tango.

Kuna kitu kimoja cha bure kinachozidi vyote hivi. Nenda kiwanjani baada ya mvua, utafute nyasi zenye mashuke mabichi, ambazo mbegu yake ukiibonyeza kwa ukucha hutoa maziwa. Hicho ndicho chakula chao halisi cha kwao. Chuma mbali na barabara, mbali na mitaro na mahali mbuzi wanapolala, uoshe, ufunge kifungu, uning'inize tunduni kikiwa kibichi. Kwanza wataoga nacho kwa kujisugua kwenye umande, kisha watakimaliza.

Ndege aliyekulia kwenye mbegu peke yake atayaogopa majani. Usimfungie mbegu ili ajifunze kwa njaa. Atakufa kabla hajajifunza. Lowesha jani la matembele, libane pembeni ya kijiti anachokipenda, liache saa mbili, litoe, rudia kesho. Mmoja wangu alichukua wiki tatu. Siku aliyoanza alinyofoa kipande kidogo kama ukucha, akakidondosha, akarudi tena kukifuata chini.

Chokaa iwepo siku zote. Kwetu ni rahisi: ule ubao mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni, ambao ni gamba la ndani la ngisi aina ya dome na huitwa mfupa wa ngisi, ndio huohuo unaouzwa ghali madukani nchi nyingine. Okota ulio mweupe na mkavu usio na harufu, uloweke kwenye maji matamu siku nne au tano ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, uanike jua kali siku mbili, kisha uufunge upande wake laini ukielekea ndege. Ukiukosa, maganda ya mayai yaliyochemshwa dakika kumi, yakakauka na kupondwa, yanafanya kazi ileile.

Ndege hawa pia hupungukiwa madini joto kwa urahisi wakila mbegu tu. Tezi ya shingoni huvimba ikabana koo, na utasikia kama filimbi anapopumua au sauti yake itabadilika. Yale mawe ya madini ya ndege yanayoning'inizwa tunduni, hakikisha kwenye maandishi yake yana madini joto, na umwekee moja. Usijaribu kutibu kwa chumvi ya jikoni.

Maji badilisha asubuhi na jioni, na kipindi cha kaskazi hata mchana. Yawe yale unayokunywa wewe. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na hayo hayamfai. Sugua chombo kwa brashi kila siku. Ule utelezi unaousikia kwa kidole ukutani mwa kikombe ni bakteria.

Yai la kuchemsha katika mapumziko ni nusu kijiko cha chai mara moja kwa wiki, au usiwape kabisa ukiona jike ameanza kuchokonoa pembe za tundu na kinyama cha juu ya mdomo wake kimekuwa kahawia iliyokolea. Hizo ni dalili kwamba mwili wake unajiandaa kutaga. Punguza, na ondoa chochote kinachofanana na shimo.

Pima uzito kila Ijumaa asubuhi kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Andika. Manyoya huficha mwili uliokonda, mizani haifichi. Akipungua gramu tatu au nne katika wiki, kuna ugonjwa, hata kama anaimba.

Vya kukataa

Parachichi ni la kwanza na halina mjadala: lina sumu inayoua moyo wa ndege hawa, na kipande kidogo kinatosha. Chokoleti, kahawa, chai, soda, kitunguu, kitunguu saumu. Mbegu za stafeli na topetope, na kokwa za tufaha. Kunde na maharage makavu yasiyopikwa. Chochote cha chumvi au cha kukaanga. Najua watoto hupenda kumwonjesha bajia ya urojo, wazuie kwa upole.

Kisamvu kibichi pia hapana. Kila mtu kwetu anajua muhogo mchungu unavyoua, na majani yana sumu hiyohiyo kabla ya kutwangwa na kupikwa. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mche mchanga wa mtama nao unayo. Punje kavu ya mtama ni salama, lakini mtama usiuoteshe ukawapa ndege.

Na moshi, ingawa hauliwi: udi na ubani tunavyovipenda, toa tundu nje kwanza kabla ya kufukiza. Vivyo hivyo wanapokuja wapuliziaji wa dawa ya mbu ukutani. Ndege, vyombo vyao na ndoo ya mbegu vyote vitoke, na visirudi mpaka chumba kikauke na kupata hewa.

Hatua ya tatu: kuwaandaa wazazi

Usiwaandae ndege wasiofikisha mwaka mmoja, wala jike aliyezidi miaka minne au mitano. Jike aliyekonda asitage, na mnene naye asitage, kwa sababu yai humkwama. Mimi huchagua kuanza baada ya mvua za masika kupungua, nafaka mpya zinapoingia sokoni na nyasi bado zina mashuke, na upepo wa kusi umepoza nyumba. Kaskazi kali siwazalishi kabisa. Vifaranga ndani ya kisanduku cha mbao kwenye joto la Februari wanapumua kwa midomo wazi, na inauma kuwatazama.

Wiki tatu au nne kabla ya kuning'iniza kisanduku, anza kubadilisha sahani polepole. Mbegu zibaki vilevile. Kinachoongezeka ni vitu viwili.

Cha kwanza ni chakula cha yai. Chemsha yai dakika kumi na mbili mpaka liwe gumu kabisa, lisage pamoja na ganda lake lililooshwa, changanya na karoti iliyokwaruzwa na vumbi la boflo lililokaushwa, mpaka mchanganyiko uwe wa kubomoka, usishikane kama donge. Jozi moja inatosha kijiko kimoja cha chai. Wiki ya kwanza mara mbili, ya pili mara tatu, kisha kwa kuruka siku moja moja. Weka asubuhi, na ndani ya saa mbili uliobaki uutoe utupe. Kwa joto letu yai lililokaa saa nne mezani ni sumu.

Cha pili ni mbegu zilizooteshwa. Loweka uwele na chooko kidogo usiku, kiasi cha kutumia siku moja tu. Asubuhi suuza mpaka maji yawe meupe, mwaga kwenye chujio, funika kwa kitambaa kibichi, na suuza tena kila baada ya saa nne au tano. Asubuhi inayofuata utaona ncha nyeupe kama ya sindano imetoka. Hapo ndipo penyewe: protini na vitamini zimeamka, na punje imekuwa laini kumezwa na kifaranga. Ukisikia uchachu, hata kidogo, tupa yote. Kupoteza kijiko cha uwele ni bora kuliko kuzika kifaranga.

Mwisho wa wiki hizo dume atakuwa anagonga kijiti kwa mdomo, mboni zake zikisinyaa na kupanuka, na anamlisha jike mdomoni. Sasa weka kisanduku, au chungu cha udongo kama ulivyozoea, chenye maranda safi chini. Sakafu tupu inayoteleza huwatanua miguu vifaranga wakawa vilema.

Hatua ya nne: kutaga na kuatamia

Jike hutaga yai moja kila baada ya siku moja, kwa kawaida manne hadi sita, na kila yai huanguliwa takriban siku kumi na nane tangu aanze kulikalia. Ganda la kila yai linatoka kwenye damu na mifupa yake, kwa hiyo siku hizi mfupa wa ngisi utauona unaliwa kwa nguvu, unga mweupe umetapakaa. Usiishiwe nao.

Ukimkuta jike amekaa chini ya tundu, amefura, mkia unapanda na kushuka anapopumua, tumbo limevimba, yai limekwama. Huo si muda wa kutafuta ushauri kwa marafiki. Mweke kwenye kikasha kidogo chenye joto, karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, mahali tulivu, maji karibu yake, na umpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Usimbonyeze tumbo. Yai likipasukia ndani amekwisha.

Yai la mwisho likishatoka, punguza chakula cha yai hadi mara mbili kwa wiki. Jike aliyekaa tu kwenye kisanduku hahitaji zaidi, na dume ndiye anayemletea. Wakati huu ongeza mbegu za dume kwa nusu kijiko, maana anakula kwa ajili ya wawili.

Hatua ya tano: vifaranga

Kifaranga huzaliwa na gramu mbili hivi, kipofu, mwekundu, kama ncha ya kidole cha mtoto. Baada ya mwezi mmoja na siku chache atatoka kisandukuni akiwa na uzito wa mzazi. Ukuaji wote huo unapita kwenye sahani yako.

Siku yai la kwanza linapoanguliwa, chakula cha yai kirudi kila siku, na kuanzia kifaranga cha tatu kiwe mara mbili kwa siku: asubuhi mapema, na tena saa tisa mchana, kidogo kidogo na kipya kila mara. Mbegu zilizooteshwa kila asubuhi. Majani kila asubuhi. Mbegu kavu sasa hazina kipimo. Jaza, puliza makapi mara tatu kwa siku. Watu wenye kazi za ofisini wapange mtu wa nyumbani wa kuwasaidia mchana, au wasizalishe. Ramadhani ni wepesi zaidi kwa zamu ya alfajiri, kwa kuwa mmeamka kwa daku, lakini ile ya saa tisa husahaulika kwa pirika za futari. Mimi hutega saa.

Kwa sababu mayai hutagwa kwa kupishana siku, utakuta kifaranga cha kwanza kimeshaota vinyweleo na cha mwisho bado uchi. Jike analijua hilo. Humpa mdogo kitu laini cha majimaji kinachotoka sehemu ya mbele ya tumbo lake, chenye protini nyingi, na mkubwa humpa mbegu zilizolainika. Nilipofungua kisanduku jioni moja na tochi ndogo nilimkuta amemlaza kinda chali kwa mguu mmoja, kichwa kimeelekea juu, anamtilia taratibu kwa ncha ya ulimi. Ngozi ya kinda ni nyembamba hata gole linaonekana wazi, pembeni ya shingo, kama kifuko cha plastiki. Ndani yake nilihesabu punje sita za ulezi.

Hilo gole ndilo kipimo chako. Kila jioni, kabla ya giza, tazama haraka. Likiwa limejaa, laini kama puto lenye maji kidogo, lala usingizi. Likiwa bapa na limekunjamana jioni, mzazi halishi au chakula hakitoshi, na mdogo wa mwisho ndiye huanza kukosa. Msaada wa kwanza ni kuongeza chakula laini mara nne kwa siku, na kama kuna jozi nyingine yenye vifaranga wa umri uleule, mhamishie. Likiwa limejaa asubuhi kama lilivyokuwa jana usiku, limegoma kusaga, na hapo tena ni daktari. Kumlisha kifaranga kwa sindano ya mdomo wewe mwenyewe hutakiwi kujifunzia kwenye ndege anayekufa. Uji ukiingia kwenye mapafu humaliza mara moja.

Badilisha maranda kila siku tatu vifaranga wakizidi wiki mbili. Kinyesi kikikauka miguuni na kwenye midomo, kilainishe kwa maji ya vuguvugu, usikivunje kikiwa kikavu, utamvunja kidole.

Wakitoka kisandukuni, siku ya thelathini hadi thelathini na tano, bado hawajui kula. Weka kifuniko kipana cha ndoo chini ya tundu, mwaga humo uwele, mbegu zilizooteshwa na shuke zima la ulezi au la nyasi, maana wa kwao hula ardhini na hawa huanza kwa kuchezea. Dume ataendelea kuwalisha kama wiki moja na zaidi. Usiwatenge kwa tarehe. Mtazame mmoja mmoja: anavua ganda mwenyewe, na jioni gole lake ni duara? Huyo tayari, kwa kawaida karibu wiki ya sita.

Hatua ya sita: kumrudisha jike mapumzikoni

Jike wengi watakuwa wameshaanza kutaga tena kabla wa kwanza hawajatoka. Ruhusu uzazi wa pili ikiwa uzito wake haujashuka. Wa tatu usiruhusu, hata ukiona ana nguvu. Ondoa kisanduku siku kifaranga cha mwisho kinapotoka, kisha shusha sahani ngazi kwa ngazi katika wiki mbili: chakula cha yai kitoke kila siku hadi kwa kuruka siku moja moja, hadi mara mbili kwa wiki, hadi mara moja, mbegu zilizooteshwa ziishe, mbegu kavu zirudi vijiko viwili. Majani na mfupa wa ngisi vibaki vilevile, kwa sababu huo ndio wakati anajenga upya mifupa na atabadilisha manyoya. Akikataa kutulia, akaendelea kutafuta pembe za kutagia, mtenge na dume mwezi mmoja, tundu likiwa mbali kidogo. Miezi sita bila kisanduku ndiyo kiasi ninachowapa wangu.

Vifaranga wanapoondoka kwenda kwa wenyewe wapya, huwafungia mfuko wa mbegu zilezile walizokulia, za wiki mbili, na kifungu cha mlonge. Na kabla mtu hajatoka mlangoni na tundu lake, namchotea kikombe kilichotumika, namwambia apulize kwenye kiganja aone.